Mtu Aliyekataa Kuandika Namba Ndogo

Wiki iliyopita nilirudisha funguo na kikombe cha ofisi, na nikaagana na kiti chenye mgongo uliolegea ambacho nilikizoea kuliko baadhi ya ndugu zangu. Wenzangu vijana wakaniomba niwaandikie kitu. Nadhani walitaka mashauri. Mashauri sina mengi. Nina maswali, na nina kisa kimoja ambacho nimewasimulia kwa vipande jikoni, tukingoja maji yachemke, na ambacho sijapata kukifikisha mwisho kwa sababu kila mara simu ililia. Hapa hakuna simu.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ripoti zenu mnaziandika kwa Kiingereza kizuri cha Sydney, na watoto wenu mkiwaita kwa Kiswahili huwajibu kwa Kiingereza hichohicho. Lakini mambo haya yalisemwa kwa Kiswahili, na nikiyahamisha yatachacha njiani. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo sikuwa navyo, na mishahara yetu mnaijua.

Nilianza kazi katika miaka ya tisini, nimetoka chuo kikuu cha hapa Sydney na shahada ya takwimu na tabia ya kuuliza "kwa nini" hata nikipewa chai. Mama yangu, kule Mombasa, alikuwa akiwaambia majirani kwamba siku atakayokuja Izraili kunichukua, nitamdai kitambulisho kwanza. Sikuitafuta kazi ya jamii. Niliona tangazo ubaoni chuoni, nikaona wanataka mtu ajuaye hesabu na lugha zaidi ya moja, nikaenda kuwauliza kwa nini.

Ofisi ilikuwa kituo kidogo cha mtaa, kusini-magharibi mwa Sydney, kati ya bucha na duka la dobi. Asubuhi ilinuka sabuni, mchana ilinuka soseji. Kazi yetu ilikuwa moja: kuwasaidia watu wenye ajira na mshahara mdogo kudai malipo ya familia, yaani fedha ambazo serikali humpa mzazi anayelea watoto ikiwa kipato cha nyumba hakivuki kiwango kilichowekwa. Haikuwa sadaka. Ilikuwa haki iliyoandikwa kwenye sheria, na walioihitaji zaidi ndio waliokuwa hawaijui.

Mkuu wetu aliitwa Maureen. Alizaliwa hapahapa Sydney, alikuwa amefunga makopo ya matunda kiwandani miaka mingi akiwa msemaji wa wafanyakazi wenzake, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayeshindana na mashine. Siku ya kwanza nilimfuata kila alipokwenda.

"Mbona viti vimefungwa sakafuni kwa skrubu?"

"Kwa sababu mwaka juzi kimoja kiliruka."

"Mbona fomu inauliza jambo lilelile mara mbili?"

"Ili anayedanganya asahau alichosema mwanzo."

"Na anayesema kweli?"

"Huyo anachoka tu. Salma, kaunta inafungwa saa kumi na nusu. Maswali mengine niletee ikishafungwa."

Sikuchukia. Alikuwa mtu wa kwanza nchini humu aliyenijibu kila nililomuuliza, hata kama alijibu huku akitembea.

Vyombo vyetu vya kazi mngevicheka. Tulikuwa na kikokotoo kikubwa kilichotema utepe wa karatasi kikilia kama kuku anayetaga. Tulikuwa na rula, ya kumwonyesha mtu mstari anaopaswa kuujaza ili jicho lisiruke. Tulikuwa na meza ya kukunja tuliyoibeba Jumamosi kwenda kwenye kumbi za mitaa, maana mfanyakazi wa ghalani hawezi kuja Jumanne mchana. Na tulikuwa na biskuti. Maureen aliamini kwamba mtu akishatafuna kitu mbele yako hakuogopi tena. Nilimtaka ushahidi. Akanisogezea pakiti, nikatafuna, na ni kweli sikumwogopa tena.

Kanuni yake kuu mnaitumia mpaka leo bila kujua ilitoka wapi. "Usimuulize mtu kuhusu mwaka," alisema. "Hakuna anayeishi mwaka mzima kwa mpigo. Muulize kuhusu Alhamisi iliyopita." Alhamisi ilikuwa siku ya mshahara kwenye viwanda vingi. Ukimuuliza mtu anapata kiasi gani kwa mwaka, atatazama dari. Ukimuuliza Alhamisi alipata nini na alinunua nini akirudi, atakwambia mpaka bei ya vitunguu.

Ugumu wa kwanza ulikuwa fahari. Nesi mmoja Mkenya wa mtaa wa Doonside, mama wa watoto watatu, alinijia Jumamosi ukumbini kwa ajili ya jirani yake, si kwa ajili yake.

"Mimi nafanya kazi," akaniambia. "Hizo ni za wasio na kazi. Sitaki stori za msaada."

"Dada, kodi unalipa?"

"Nalipa. Inakatwa hata kabla sijaiona."

"Ikirudishwa kidogo kwa sababu unalea raia watatu, huo ni msaada?"

Akafikiri. "Huo ni... hiyo ni chenji yangu."

"Basi kaa chini uchukue chenji."

Akakaa, na akapata. Mwezi uliofuata aliwaleta manesi wenzake, wakiwa bado na sare za shifti, na akawaeleza mwenyewe habari ya chenji kabla sijafungua mdomo. Siku kama hizo nilirudi nyumbani nikipiga mluzi kwenye treni, na watu wakahama kiti.

Ugumu wa pili sikuuelewa kabisa, na ndio kisa chenyewe.

Ofisi ya serikali ilitazama kipato cha mwaka wa kodi uliopita. Lakini ikiwa mshahara umeshuka sana mwaka huu, mtu aliruhusiwa kuandika makadirio, yaani kiasi anachotarajia kupata mwaka huu, na wao wangetumia hayo. Kanuni nzuri. Manesi waliijaza vizuri. Sasa, katika foleni yangu kulikuwa na kundi dogo la watu wa pwani, Waislamu kutoka Mombasa, Unguja na Tanga, wengi wao wakifanya kazi kwenye maghala ya Wetherill Park. Hao walikataliwa mmoja baada ya mwingine. Nilipotazama nakala za fomu zao nikaona kwamba makadirio yao yalikuwa makubwa kuliko walichopata mwaka uliopita. Watu waliopunguziwa shifti walitarajia kutajirika.

Chuoni nilifundishwa kwamba watu hudanganya ili wapate. Hapa nilikuwa na watu wanaodanganya ili wakose. Nilijiuliza kama ni majivuno. Nikajiuliza kama hawakulielewa swali. Maureen alidhani wanaogopa serikali. Hakuna jibu lililotosha, na jambo lisilo na jibu hunikosesha raha kama kokoto kiatuni.

Ndipo akaja Mama Rehema. Alikuwa mwanamke wa Tanga anayekaa Minto, mke wa dereva wa foklifti. Alikuja kwa treni, peke yake, amevaa baibui na viatu vya michezo. Hakutaka biskuti.

"Nina swali moja tu, mwanangu. Watoto wakiwa Tanga kwa bibi yao, haya malipo huja?"

"Hayaji, mama. Ni kwa watoto unaoishi nao hapa."

"Basi." Akaanza kuinuka.

"Kwani watoto wanakwenda Tanga?"

Akakaa tena, nusu ya kiti. Walikuwa na watoto wanne. Mumewe mwaka uliopita alifanya kazi wiki nzima na ovataimu juu. Sasa ghala limempoteza mteja mkubwa, naye amebakiziwa siku tatu. Kodi ya nyumba haikujua habari za mteja. Kwa hiyo wameamua wale wawili wadogo, Idi na Tatu, waende kwa bibi yao shule zikifungwa. Wakala wa tiketi amewawekea nafasi na anataka fedha zote Ijumaa ya mwisho wa muhula.

"Wakae huko mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka mambo yakae sawa."

"Na mambo hukaa sawa lini?"

Alinitazama kama mtu anavyotazama mvua. "Masanduku yao yako chini ya kitanda changu," akasema. "Kila nikifagia nayagonga."

Nikamuuliza kama wameomba malipo. Akasema Baba Rehema aliomba, akakataliwa. Nikatafuta nakala, na nikaikuta. Mzee huyu, wa siku tatu kwa wiki, alikuwa amekadiria kipato kikubwa kuliko cha mwaka wa ovataimu. Nikamwomba Mama Rehema hati za mshahara za Alhamisi chache zilizopita. Alikuwa nazo mkobani. Nikapiga hesabu kwenye kikokotoo, utepe ukatoka. Kwa makadirio ya kweli, nyumba ile ingelipwa, na kwa malipo yale watoto wangebaki. Sikuwa na shaka, na mimi shaka ndiyo chakula changu.

"Kwa nini aliandika hivi?" nikamuuliza.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Mimi nimechoka kumuuliza."

Jumamosi Maureen aliniazima gari. Mnaijua Minto ya wakati ule, zile safu za nyumba za serikali zilizoipa barabara mgongo, ukabaki unazunguka ukitafuta mlango ulipo. Mzee Mashaka, ndiye huyo Baba Rehema, nilimkuta sebuleni amevaa kikoi, ameifungua toasta mapande mapande juu ya gazeti. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa inayogusa vitu taratibu.

"Shikamoo, Mzee Mashaka."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye wa takwimu? Mama Rehema kanambia unauliza sana."

"Naulizia kazi, mzee. Sasa hivi unafanya siku tatu?"

"Tatu."

"Na mteja aliyeondoka, amerudi?"

"Hajarudi."

"Basi mwaka huu utapata pungufu ya mwaka jana."

"Hujui."

"Mzee, ni hesabu tu."

"Hesabu ya yaliyopita, sawa. Ya yajayo hiyo si hesabu, huo ni utabiri." Akaweka bisibisi chini. "Fomu inasema, andika unachotarajia. Mimi niandike kwa mkono wangu kwamba mwaka huu natarajia umaskini, nitie na saini, na malaika wanaopita waitikie amina? Maneno huumba, binti. Wewe ni mtoto wa Mombasa, huyajui haya?"

Nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimelelewa nayo, na nilipokwenda chuoni nikayaweka fungu moja na kutofagia usiku. Sikuwahi kufikiri kwamba yangenifuata mpaka kwenye fomu ya serikali ya Australia. Lakini mara nikaziona zile fomu zote zilizokataliwa, na nikaelewa kwamba hakukuwa na majivuno ndani yake wala woga. Watu wale walikuwa wakijiombea heri kwa kalamu nyeusi, kwa herufi kubwa, kama fomu ilivyoagiza.

Mama Rehema alikuwa mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. "Na ile kubwa uliyoandika, iliumba? Mbona mimi sijaisikia ikibisha hodi?"

"Iko njiani."

"Labda imepanda treni ya Jumapili, reli inatengenezwa."

"Wewe cheka."

"Sicheki, Baba Rehema. Napika ndizi bila nazi, nitacheka nini."

Mimi nikafanya nilichosomea. Nikamweleza wastani. Nikamweleza kwamba makadirio si dua, ni kipimo, na kwamba karatasi haina masikio. Nikamchorea mchoro nyuma ya bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akaniuliza kama nimeshiba, akanisindikiza mpaka garini na mahamri kwenye mfuko. Fomu ilirudi tupu.

Jumatatu nikamsimulia Maureen, naye akala hamri akisikiliza.

"Ulimuuliza nini?"

Nikamwambia yote.

"Hayo si maswali. Majibu yake ulikwenda nayo mfukoni," akasema. "Ulikwenda kumshinda. Rudi ukamuulize kitu usichokijua."

"Kama kipi?"

"Ningekuwa nakijua ningekwenda mwenyewe."

Lilinichoma neno hilo. Nilijiona mtu anayehoji kila kitu, kumbe nilikuwa nahoji kile tu nilichokwisha kukiamulia. Wiki nzima nilitafuta swali. Kazi za ofisi ziliendelea, kikokotoo kikataga, na mwisho wa muhula ukasogea. Jumamosi iliyofuata nikaenda Minto sina swali, na wakala wa tiketi alikuwa amebakiza Ijumaa moja tu.

Masanduku yalikuwa yametolewa chini ya kitanda, yako sebuleni. Tatu, mdogo wao wa mwisho, alikuwa amekalia moja akila mkate. Nikamuuliza kwa Kiswahili anasafiri kwenda wapi. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba yeye hasafiri, linalosafiri ni sanduku.

Hakuna aliyecheka. Baba yake aligeuza uso dirishani.

Nikaketi. Nikaitoa fomu ili mikono yangu ipate cha kufanya, na macho yakaangukia mstari wa kwanza, mahali pa jina. Nilikuwa nimeliandika na kulitamka jina lile wiki mbili bila kulisikia.

"Mzee," nikasema, "nani alikuita Mashaka?"

Akageuka. "Mama yangu."

"Kwa nini?"

Hilo sikulijua kweli, na nadhani alilisikia sautini mwangu, maana alikuja akaketi. Akanieleza kwamba mama yake alizika watoto watatu kabla yake, wote walikuwa na majina mazuri. Alipozaliwa yeye, wanawake wa mtaa walimwambia mama yule asishangilie. Wakamchukua mtoto, wakaenda kumlaza jaani, kwenye takataka, na jirani akapita kama hajui kitu, akamwokota, akamrudisha kwa mama na kumuuzia kwa senti moja. Wakampa jina la Mashaka. Hasidi akipita, na mauti yakipita, yasikie jina hilo, yaone mtoto wa jaani asiye na thamani, yaende zao.

"Na yakaenda?"

"Si mimi huyu? Na walionifuata wakapewa majina ya raha. Mdogo wangu anaitwa Furaha."

"Kwa hiyo mama yako alitamka neno baya."

"Alitamka."

"Kila siku. Akikuita kula, akikuita kuoga."

"Ndiyo."

"Likaumba?"

Jikoni mwiko ulinyamaza. Mzee Mashaka alinitazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Mjibu mtoto wa watu, Baba Rehema," sauti ikatoka jikoni.

"Liliumba kinyume," akasema polepole. "Lilikuwa ngao."

"Sasa hii namba ndogo kwenye fomu," nikasema, "ni nini?"

Nilimwona akifika. Kwanza mabega yalitikisika, kisha kicheko kikatoka, cha chini, kirefu, mpaka Tatu naye akacheka bila kujua anacheka nini. "Ni jina baya," akasema. "Lahaula. Ni jina baya. Lete kalamu."

Nikampa. Akajisogeza, akaandika, akanirudishia. Kiasi alichoandika kilikuwa kidogo hata kisingemlisha paka.

"Mzee, hii haiwezekani. Hata kwa siku tatu unapata zaidi ya hii."

"Ndiyo kinga yenyewe hiyo. Inavyozidi ubaya, ndivyo hasidi atakavyozidi kukimbia."

Hapo ndipo nilipojikuta, baada ya wiki mbili za kumsihi mtu ashushe namba, namsihi aipandishe. Sheria ilitaka makadirio ya haki. Akiandika chini kupita kiasi angelipwa kisicho chake, na mwisho wa mwaka angedaiwa. Nilimweleza hivyo, naye akatikisa kichwa, amenogewa.

Mama Rehema akaja mpaka sebuleni, akasimama juu yake. "Mama yako alikuita Mashaka," akasema. "Hakukuita Maiti. Alikupa jina baya, lakini la kuweza kuishi nalo. Andika la kweli."

Akamtazama mkewe. Akachukua fomu mpya, akaziweka hati za mshahara mbele yake, na tukapiga hesabu pamoja, Alhamisi baada ya Alhamisi. Akaandika namba ya kweli. Kisha akanong'ona, "Mungu apishe mbali," akageuka pembeni kutema mate kidogo, kama wanavyofanya wazee wetu.

"Usiitemee fomu," mkewe akasema.

Akatia saini.

Jumatatu nilikwenda naye kaunta ya serikali. Ofisa alikuwa kijana mwenye tai na mafua. Akaziweka fomu mbili pamoja, ile ya zamani na hii mpya, akakunja uso. Akauliza kwa nini makadirio ya kwanza yalikuwa makubwa namna ile. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye utamaduni ndani yake. Mzee Mashaka akanitangulia, kwa Kiingereza chake cha ghalani.

"Ile ilikuwa tumaini," akasema. "Hii ni mshahara."

Ofisa akamtazama, akapenga kamasi, akazitazama hati za mshahara. "Sawa," akasema, akagonga muhuri. Nimesoma maelezo mengi ya wanasheria tangu siku ile. Sijaona yaliyoyazidi hayo.

Kutoka hapo ilikuwa zamu ya Maureen. Kila asubuhi aliwapigia simu watu wa serikali, akasikiliza muziki wa kusubirisha mpaka akawa anauimba uani na sigara yake. Jumanne aliambiwa bado. Jumatano akaambiwa bado. Alhamisi, siku ya mshahara, kabla ya adhuhuri, akaweka simu chini, akasimama, na kwa sauti ile ya kiwandani akaniita jina langu ingawa nilikuwa mbele yake.

"Wamekubali."

Nikampigia Mama Rehema. Alinisikiliza, kisha akaniambia ningoje. Nilimsikia akiweka mkono wa simu mezani, hatua zake zikienda, na kitu kizito kikiburutwa sakafuni, na kingine. Akarudi akihema.

"Nimeyaondoa mlangoni," akasema. "Sasa sema tena nikisikie vizuri."

Nikasema tena. Ijumaa wakala wa tiketi alinyimwa wateja wawili. Alibaki na ada ya kuwekea nafasi, ambayo Mama Rehema tangu hapo aliiita kodi ya ukaidi wa mumewe.

Habari husafiri haraka kuliko sheria. Jumamosi mbili baadaye, mtu wa Unguja aliyepakia mizigo Wetherill Park alikaa mbele ya meza yangu ya kukunja, akachukua biskuti, akainama na kuniambia kwa siri kubwa, "Nimekuja kuandika jina baya." Baada yake akaja mwingine, na mkewe. Akaja mjane wa Mombasa aliyeshona nguo nyumbani Doonside, aliyekataliwa mara mbili kwa kujitakia heri. Nikawa simwulizi mtu tena anatarajia nini. Nilimwambia, "Tuandike jina baya, lakini la kweli," na mkono ukashuka kwenye karatasi bila woga. Wote walikubaliwa, mmoja baada ya mwingine. Maureen akalijifunza neno. Ungemsikia akimpokea mtu mlangoni: "Jina baya?" kwa lafudhi iliyokunja kila herufi, na mzee wa watu anaitikia kwa kichwa na kuonyeshwa kiti.

Kisa hiki huwa nakatizwa hapa, simu inalia. Lakini kina mwisho.

Miezi kadhaa baadaye, mchana foleni ikiwa imejaa, Mzee Mashaka aliingia na fulana yake ya kazi ya kung'aa. Hakupanga foleni.

"Nimekuja kujishtaki," akatangaza.

"Umefanya nini, mzee?"

"Nimeongezewa siku. Ghala limepata mteja mpya. Wiki nzima, na ovataimu juu. Andika upesi."

Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua uzito wa jambo hilo. Watu huficha nyongeza, deni linakua kimya kimya, na barua inapokuja nyumba inalia. Huyu alikuja siku ileile, na alikuja kwa shangwe. Aliwageukia watu wa foleni, watu wasiojua Kiswahili hata chembe, akawaeleza kwamba aliandika ndogo na sasa imekuja kubwa. Malipo yake yalipunguzwa kwa jinsi kipato kilivyopanda, akayapokea mapunguzo yale kama mtu anayevishwa nishani.

"Unaona sasa, binti?" akaniambia. "Maneno huumba."

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Bandari zilikuwa na shughuli mwaka ule. Mfano mmoja si ushahidi. Na waliopunguziwa siku bila kurudishiwa hawaji ofisini kusimulia. Nilimwona Maureen akinitazama juu ya miwani yake, anasubiri.

"Hongera, mzee," nikasema, na nikafungua droo kutafuta fomu ya nyongeza.

Sikukuu iliyofuata walinialika Minto. Sanduku moja lilikuwa limejaa mablanketi ya baridi. La pili lilikuwa uani, limesimamishwa kwa upande wake, na Idi alikuwa akilitupia mpira wa kriketi huku Tatu akililinda kwa ubao wa kukatia nyama. Lilikuwa na mashimo tayari. Mama yao alinionyesha kwa kidole, akasema, "Hilo halipandi ndege tena."

Jana nilijaza fomu yangu ya kustaafu. Ukurasa wa pili iliniuliza natarajia kipato gani mwaka ujao. Nina shahada ya takwimu na miaka mingi ya kuwajazia wenzangu swali hilohilo. Nilichukua kipande cha karatasi pembeni, nikaandika kiasi kibaya kabisa, cha kumwacha paka na njaa. Nikakitazama, nikakikunja, nikakitupa jaani. Kisha nikaandika cha kweli kwenye fomu, nikatia saini, nikaenda kuweka wali jikoni, maana Tatu anakuja na watoto wake kwa chakula cha jioni, wanatoka hapohapo Minto, ikiwa treni zinatembea.

Kwa nini nilifanya hivyo, msiniulize.